Mara Ngapi, Sista?

Sidi Chengo alikuwa muuguzi wa zahanati moja kando ya Mto Sabaki kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Kiingereza chake kina kasoro. Nani angemwambia? Waliokuja kwake walikuja na homa, na majeraha ya jembe, na watoto wa kupimwa uzani. Barua alizoandika zilisomwa na wauguzi wenzake wa mjini, nao waliandika kama yeye.

Kwa hivyo siku alipoitwa Mahakama Kuu ya Malindi kutoa ushahidi juu ya kifo cha Vivian, na karani akamuuliza atasema kwa lugha gani, alijibu pale pale, "Kiingereza."

Hakulisema kwa majivuno, au tuseme majivuno yalikuwamo kidogo tu. Barua ya rufaa aliyoitiwa kuielezea ilikuwa ya Kiingereza. Asubuhi ile mwendesha mashtaka, Bi Sana, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alikuwa amemwambia pale barazani, "Sista, barua yako ndiyo nguzo ya kesi. Isimamie." Sidi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe, kola imesimama kwa pasi, na kalamu mfukoni kana kwamba huko nako kuna mgonjwa wa kuandikiwa dawa.

Vivian alikuwa mwana wa Kahonzi wa Kakuyuni. Aliolewa na Dena, mkulima wa nyanya na mahindi kule bondeni mwa Sabaki, akamzalia mtoto mmoja wa kike. Alipokufa alikuwa na miaka ishirini na minne. Majirani walimleta zahanati kwa bodaboda, mmoja amempakata kwa nyuma, kichwa kimefungwa leso iliyolowa damu. Sidi alimsafisha, akamwekea dripu, na gari la kumpeleka hospitali lilipofika akaandika barua ya rufaa kwa haraka, amesimama, karatasi kaiweka juu ya friji la chanjo. Siku ya pili yake Vivian alifariki bila kuzinduka.

Dena alisema mkewe aliteleza mtoni akienda kuteka maji, akajigonga kichwa kwenye kisiki. Mwaka ule kingo za Sabaki zilikuwa na utelezi kweli, na visiki havikukosekana. Askari aliyekuja zahanati alichukua nakala ya barua, akasema daftari la wagonjwa atalirudia. Hakulirudia. Zikaja mvua za El Nino, mto ukafura, na maji ya matope yakaingia zahanati mpaka usawa wa meza. Madaftari yote yakageuka uji. Ikabaki barua.

Wakili wa Dena, mshtakiwa, aliitwa Nahashon. Hakuwa mtu wa makelele. Alisimama polepole, akavaa miwani, akaishika barua kwa ncha za vidole.

"Sista Sidi," alisema kwa Kiingereza, "tuisome pamoja. Hapa umeandika kwamba mgonjwa alikuwa anatokwa na damu *alot*. Umeliandika kama neno moja. Ni sawa?"

"Ni sawa."

"Kuna kamusi unayoijua yenye neno hilo?"

Sidi alitazama upande wa Bi Sana, naye alikuwa ameinamia karatasi zake. "Nilimaanisha damu ilikuwa nyingi."

"Nyingi kiasi gani? Ulipima?"

"Sikupima. Ilikuwa inatiririka."

"Lakini hukuandika kwamba inatiririka. Umeandika neno ambalo halipo." Akashuka mstari. "Tuendelee. Umeandika, *irregardless* ya ushauri aliopewa, mgonjwa hurudi nyumbani. Hili nalo umelipata wapi, Sista?"

Amelipata wapi? Alilipata kila mahali. Mwalimu wake wa darasa la nane alilitumia. Mkuu wa wauguzi alikotumikia zamu zake za kwanza, mama aliyeogopwa na madaktari, alilitia katika kila tangazo alilobandika ukutani. Sidi alipoanza kuliandika aliona amekua.

"Ni neno tunalotumia kusema bila kujali," alisema.

"Mnalitumia. Watu wa Kiingereza hawalikubali. Lina kikanusho mbele na kikanusho nyuma, na vikanusho viwili huuana. Likichukuliwa lilivyo, barua yako inasema Vivian aliusikiliza ushauri wako. Aliusikiliza?"

"Hapana."

"Basi ulichoandika sicho ulichokusudia."

Katika viti vya nyuma mtu alicheka kidogo kwa pua. Mwingine akafuata. Jaji, mwanamke mwenye mvi kichwani, aliinua macho, na ukumbi ukatulia. Sidi alijikaza kisabuni, akaweka mikono yote miwili juu ya ukingo wa kizimba.

"Sasa tufike kwenye neno lenyewe," alisema Nahashon. Alitoa kamusi nene mkobani, akaifungua mahali alipokwisha kupatia alama. "Umeandika kwamba mgonjwa ameonekana katika zahanati yako *severally* akiwa na majeraha. Upande wa mashtaka umeijenga kesi yake juu ya neno hili. Wanataka mahakama iamini kwamba marehemu alikuwa akipigwa mara kwa mara. Lakini *severally* maana yake si mara kwa mara. Maana yake ni kila mmoja kwa nafsi yake, mbali mbali. Sisi mawakili tunalitumia kila siku. Ukisema mtu mmoja ameonekana *severally*, hujasema kitu." Akaifunga kamusi. "Kwa hivyo nakuuliza jambo jepesi. Mara ngapi, Sista?"

Sidi aliitazama barua mkononi mwa wakili.

"Mbili? Tano? Kumi?"

"Kadhaa," alisema.

"Kadhaa ni ngapi? Daftari liko wapi?"

"Lilichukuliwa na maji."

"Basi hatuna daftari, hatuna hesabu, tuna maneno matatu, na yote matatu hayasimami." Nahashon aligeuka kwa jaji, akainamisha kichwa. Safari hii walicheka wengi, na miongoni mwao Sidi alimwona mwanamke aliyewahi kumzalisha mwenyewe kwa mikono yake.

Jaji akasema mahakama itapumzika mpaka saa nane.

Nje kulikuwa na benchi la mbao chini ya kipaa. Sidi aliketi mwisho mmoja. Kahonzi, mama yake Vivian, alikuwa ameketi mwisho wa pili, amejitanda leso, viatu vyake vya mpira vimepangwa mbele ya miguu kama mtu aliye mlangoni kwa wenyewe. Walikuwa wamekutana msibani, wakapeana mikono. Sasa hawakusalimiana.

Bi Sana akaja na chupa ya maji. "Usijali, Sista. Anachezea maneno tu. Jaji anajua ulichokusudia."

"Ahsante, mwanangu," alisema Sidi.

Lakini hilo ndilo lililokuwa likimkereketa. Jaji anajua alichokusudia. Yeye mwenyewe alikusudia nini? Kicheko kilimuuma, kweli, na kama ingekuwa kicheko tu angekwenda nacho nyumbani kikapoa baada ya siku mbili tatu. Kilichomchoma zaidi ni lile swali. Mara ngapi. Wakili aliliuliza kwa hila, akitaka kumfedhehesha, akapiga mahali asipopajua. Kwa kuwa Sidi alikuwa na hesabu kamili kichwani, na siku ile alipoandika barua alikuwa nayo vile vile. Alitafuta neno kubwa ili asiiandike. Wenzake walilitumia neno lile kwa sababu hawakujua maana yake. Yeye alilitumia kwa sababu lilikuwa pana, na mtu angeweza kujificha ndani yake.

Alimtazama Kahonzi kwa pembe ya jicho. Yule mama alikuwa anaokota nyuzi zilizochomoka kwenye pindo la leso, moja moja, na kuziviringa baina ya vidole.

Waliporudi ndani, kabla ya Nahashon kusimama, Sidi alisema, "Mheshimiwa Jaji, naomba kusema kwa Kiswahili."

Nahashon akapinga. Shahidi alichagua lugha mwenyewe, alisema, na hawezi kuikimbia sasa kwa kuwa imemshinda. Jaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mkalimani wa mahakama, mzee mwembamba aitwaye Mwaro, akamwonyesha mahali pa kusimama. "Sema, Sista," alisema.

"Niliulizwa mara ngapi," alisema Sidi. "Ni mara nne."

Mwaro akatafsiri. Jaji akaandika.

"Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Krismasi, hata wiki haijatimia. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, naye amejifunika leso usoni kama mtu anayekwepa vumbi. Aliniambia amejigonga mlangoni. Nikaandika kwenye daftari, amejigonga mlangoni. Nyumba yake naijua, Mheshimiwa. Nimewahi kwenda kumchanja mtoto. Mlango wa chumba chake ni pazia."

Dena, aliyekuwa ameinama tangu asubuhi, aliinua kichwa. Hakuna aliyecheka.

"Mara ya pili ilikuwa mwezi wa pili. Mkono ulikuwa umeteguka, na juu ya kiwiko kulikuwa na alama za vidole, vinne upande huu na kimoja upande huu. Nikamwambia aende kituo cha polisi akachukue fomu ya P3 ya majeraha. Akaniuliza, nikishaichukua niende nayo wapi? Nikamfunga bandeji, nikaandika, ameanguka."

"Na mara ya tatu?" jaji aliuliza mwenyewe.

"Mara ya tatu sikuandika chochote."

Mwaro alisita kidogo kabla ya kuitafsiri, kana kwamba anampa nafasi ya kuyarudisha maneno yake. Hakuyarudisha.

"Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Kina mama walikuwa wamejaa mpaka nje. Alikuja ameshika ubavu, akivuta pumzi kwa vipande vipande. Nilipombonyeza alilia kwa sauti ndogo, nikajua mbavu zimevunjika. Akaniomba nisiandike. Nami sikuandika. Nikamwambia ajilaze kwenye kitanda cha ndani nimalize kazi. Nilipomaliza hakuwapo. Kwake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, Mheshimiwa. Sikwenda. Nilijiambia nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka. Nilijiambia akizidiwa atarudi."

Alitazama kule alikokaa Kahonzi.

"Akarudi. Mara ya nne ndiyo ile ya barua. Nilipokuwa naandika niliona nikisema ni mara nne nitaulizwa mbona daftari lina mbili, na ile moja iko wapi, na wewe ulifanya nini. Basi nikatia lile neno. Wakili amesema ni neno baya. Mimi sijui Kiingereza kama yeye. Lakini ubaya wa neno lile naujua mimi kuliko yeye. Nilimwona mtoto yule mara kadhaa, na mara kadhaa nikamrudisha alikotoka."

Mwaro alitafsiri kwa sauti yake tambarare ya kila siku. Alipofika mwisho alisema kwa Kiingereza kwamba shahidi alimwona marehemu *severally*, na akamrudisha *severally*. Lilimtoka tu, kama linavyowatoka watu wote wa pwani na bara. Jaji aliliandika bila kuinua macho. Nahashon alilisikia, akatazama kamusi yake mezani, akaiacha ilipo. Sidi naye alilisikia. Hapo awali lingemfurahisha. Sasa halikumpunguzia kitu.

Wakili akasimama. Alikuwa na kazi ya kufanya na aliifanya. "Kwa maneno mengine," alisema, "unaiambia mahakama kwamba hukutimiza wajibu wako."

"Sikuutimiza."

"Na kwamba uliandika katika daftari la serikali mambo uliyojua si ya kweli."

"Mara mbili."

"Na unataka leo uaminiwe?"

Sidi alifikiri. "Sitaki kitu, mwanangu," alisema. "Umeniuliza mara ngapi, nimekujibu."

Nahashon alivua miwani. Kisha akasema hana swali jingine.

Hukumu ilitolewa baada ya miezi mitano. Ushahidi mwingine ulikuwapo: jirani aliyesikia kelele kabla ya adhuhuri, na daktari aliyeeleza kuwa mbavu za marehemu zilivunjika wiki kadhaa kabla ya kichwa. Lakini jaji alisema alimwamini muuguzi zaidi ya wote, kwa kuwa mtu anayesema uongo hujipunguzia mzigo, na yule mama alijiongezea. Dena alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka kumi na mitano. Alipoondolewa kizimbani aligeuka mara moja kuwatazama watu wake, na nduguye mkubwa akafunika uso kwa kofia.

Sidi naye aliitwa Kilifi, kwa wakubwa wake wa afya. Waliweka mbele yake kumbukumbu za ushahidi wake, wakamuuliza kama ndivyo alivyosema. Akakiri. Wakampa onyo la maandishi, wakamhamishia zahanati ya Ngomeni kuanzia mwezi utakaofuata. Mmoja wao, waliyesoma naye zamani, alimsindikiza hadi mlangoni, akamnong'oneza, "Sidi dada yangu, ungenyamaza tu. Nani angejua?" Sidi akamshika mkono, akashuka ngazi.

Katika wiki yake ya mwisho pale Sabaki, Alhamisi asubuhi, Kahonzi akaja. Alitoka Kakuyuni peke yake, mjukuu kamwacha kwa jirani. Alisubiri mpaka mgonjwa wa mwisho akatoka, kisha akaingia, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Shikamoo, mama," alisema Sidi, kwa kuwa Kahonzi alimpita kwa miaka kumi na kitu.

"Marahaba." Akatazama kuta, ambazo bado zilikuwa na mstari wa matope ya mafuriko. "Sikuja kukulaumu. Wala sikuja kukusamehe, usije ukafikiri hivyo. Nina swali moja tu. Kule mahakamani ulisema mwanangu alikuomba usiandike. Hawakukuuliza kwa nini. Mimi nakuuliza."

Sidi alikuwa ameliogopa swali hilo tangu siku ile. Alifikiria kusema hajui. Alifikiria kusema aliona haya, au alimwogopa mumewe, maneno ambayo yeyote angeyaamini. Lakini alikuwa amechoka na maneno ya namna hiyo.

"Alisema, usiandike, mama yangu asije akasikia."

Kahonzi hakulia. Alikaa akitazama mikono yake mapajani, na kule pembeni friji la chanjo likazima na kuwaka.

"Nilikuwa nimeshasikia," alisema Kahonzi mwishowe. "Alikuja kwangu kabla ya kuja kwako. Ilikuwa baada ya lile jicho. Amembeba mtoto, na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki. Nikampikia sima na mboga ya mchunga, akala. Nikamwambia, mwanangu, ndoa ni kuvumilia. Mimi nilipigwa na babako, nikavumilia, nikakuzaa wewe. Kulipokucha nikamsindikiza hadi barabarani, mimi mwenyewe nimemshikia ule mfuko. Akaja tena baada ya ule mkono. Nikamwambia yale yale. Hakuja tena. Si kwamba hakutaka nisikie, Sista. Alijua nitakachosema."

Sidi alikuwa na maneno ya kuwapa waliofiwa. Kazi ile humfundisha mtu maneno hayo. Hakutumia hata moja. Alisogeza kiti chake, wakakaa magoti yakikaribia kugusana.

"Siku ile pale mahakamani," alisema Kahonzi, "ulipokuwa ukisema, nilitaka kuinuka niseme na yangu. Sikuinuka. Nimekaa nayo moyoni miezi yote hii. Watu wanakuja kunipa pole, wananiita mama wa watu, na mimi naipokea."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

Walikaa mpaka jua likaingia dirishani. Kahonzi aliomba maji, akanywa bilauri nzima, akajifunga leso yake vizuri. Sidi akatoka naye mpaka barabarani, wakasimama pembeni kungoja bodaboda. Malori ya mchanga yalipita, nao wakageuza nyuso.

"Yule mtoto anaanza shule mwezi wa kwanza," alisema Kahonzi. "Ana maneno, yule. Kila kitu kwa nini, kwa nini. Ataniuliza mama yake alikufaje."

"Utamwambiaje, mama?"

Bodaboda ilisimama. Kahonzi akapanda upande, akakunja leso chini ya paja isishikwe na gurudumu.

"Sitamwanzia kwa babake," alisema. "Nitamwanzia kwangu mimi."